Hayupo

Mwanamume alisimama kwenye mlango wa darasa letu la chekechea saa nne asubuhi, wakati wa maziwa, buti zake zimegandwa na lami kavu. Watoto ishirini na sita wakageuka kwa pamoja, midomo myeupe. Nilidhani ni fundi bomba, maana tulikuwa tukimsubiri tangu wiki iliyopita.

"Samahani, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Natafuta mtoto wangu."

Akanipa kitambulisho na kadi ya kliniki iliyochakaa kwenye mikunjo. Nikafungua daftari la mahudhurio, majina yalilingana. Mtoto wake alikuwa yule tuliyemwita Hakimu.

Jina hilo alipewa na mpishi wetu. Ana miaka mitano, na hamezi neno bila kulitafuna. Ukimwambia jambo anauliza, "Nani kasema?" Kisha anapima. Mpishi alisema maziwa ni ya moto, yakawa ya moto kweli, mpishi anaaminika. Mimi nilisema maharage kwenye pamba yataota siku ya tatu, yakaota siku ya sita. Zile siku tatu za katikati aliniangalia kama shahidi wa uongo. Nilifurahi. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka huohuo, na niliamini mtoto anayeuliza hivyo hatapotoshwa na mtu yeyote.

Baba yake alinieleza tukiwa kwenye korido. Mkewe alifariki mtoto akiwa na miezi minne. Akamwacha kwa mama mkwe, akaenda mbali kujenga barabara. Mwanzoni alipiga simu. Halafu akaona aibu kwa kutorudi, na aibu hiyo ikamfanya aache hata kupiga. Jana alikwenda nyumbani. Mama mkwe hakufungua mlango, alizungumza naye dirishani.

"Kasema, 'Mtoto akikuita baba kwa mdomo wake, mlango uko wazi. Asipokuita, usimsumbue tena.' Nikampa neno langu. Kanipa mpaka kesho mchana, atakapokuja kumchukua mtoto." Akajaribu kucheka. "Na lori la kuturudisha kambini kwenye barabara linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Kwa hiyo nina leo tu, mwalimu."

Nikamwita Hakimu. Akaja na kikombe chake, wenzake wasije wakamnywea. Baba yake akachuchumaa.

"Unanijua?"

"Hapana."

"Mimi ni baba yako."

"Nani kasema?"

"Mimi mwenyewe."

Akamkagua kuanzia buti hadi kofia. "Baba yangu hayupo," alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Bibi kasema hayupo. Mpishi kasema hayupo. Hata mwalimu kasema."

Nilikumbuka. Siku ya wazazi nilisoma majina kwa sauti, nilipofika kwake nikasema "hayupo", nikaweka alama.

"Nilimaanisha hakuja siku ile," nikamwambia. "Hayupo ni kwamba yuko mahali pengine."

"Kama sungura?"

Sungura wa darasa alikufa muhula uliopita. Watoto walipokuta kizimba kitupu, sikuwa na moyo wa kulitamka neno lenyewe. Nikasema, "Sungura wetu hayupo," nikajiona nina huruma.

"Mlinzi alimfukia nyuma ya jiko," Hakimu akaendelea. "Nilimwona. Mtu akiwa hayupo, amefukiwa."

"Sungura alikufa," nikasema. "Nilipaswa kuwaambia amekufa. Baba yako hakufa. Huyu hapa ndiye baba yako."

Akafikiri, kikombe kikigusa kidevu. "Kwa hiyo ulitudanganya."

"Nilikosea."

"Na sasa nani anajua kama hujakosea?"

Chuoni tuliulizwa kwenye mtihani kwa nini mtoto humkataa aliyewahi kumpotosha. Nilipata alama zote.

Nikamwita mpishi. Alikuja akijifuta mikono, akamtazama mgeni kwa huruma. "Shemeji, mimi sikufahamu. Bibi alisema hayupo, nami nikasema hayupo. Nikigeuka sasa, nitakuwa nasema nisilolijua mara ya pili, na huyu atanishika." Akarudi jikoni.

Baba akabaki amechuchumaa. "Mpishi unamwamini kwa nini?"

"Akisema kitu, kinakuwa."

"Basi nipime na mimi. Kesho saa ya maziwa nitakuja."

"Sawa," Hakimu akasema, akarudi kwenye meza yake.

"Na lori?" nikamuuliza. "Si umpigie msimamizi?"

"Msimamizi yupi? Nafasi yangu ina watu kumi wanaoipigia hodi."

Kesho yake, saa mbili, nilisikia malori barabarani na sikuweza kujua lake ni lipi. Mpishi alipoingia na sufuria, baba alikuwa nyuma yake, shati limepigwa pasi.

"Wameshaweka mwingine," aliniambia, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani.

Hakimu aliitazama sufuria, kisha akamtazama yeye. "Umesema saa ya maziwa, na umekuja."

"Nimekuja."

"Wewe unasema kweli ya saa."

Tukangoja. Akanywa maziwa yake mpaka yakaisha. "Kweli ya baba huijui," akamwambia kwa upole, kama anayemsahihisha mwenzake herufi. Halafu akamwonyesha jinsi ya kupanga vibao vya rangi, na wakavipanga pamoja mpaka mchana.

Bibi alikuja na mwavuli wake, akasimama mlangoni bila kumsalimia mkwewe.

"Amekuita?"

Baba angeweza kusema ndiyo. Mimi ningemuunga mkono. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Hakimu alikuwa amesimama katikati yetu, akiangalia midomo yetu.

"Hapana, mama," baba akasema. "Kasema mimi ni mtu wa saa."

Bibi akainamisha macho. Akamshika mjukuu wake mkono. Baba akaokota kofia. Hakumkumbatia mtoto, hakumwambia atarudi. Alikuwa amempa mama mkwe neno lake kwamba hatasumbua tena, na hakusumbua. Alipita langoni bila kugeuka, akakata kona upande usio wa kambini.