Uso Juu ya Ghala la Kurrabin

"Geuza shingo kidogo, mzee. Kama yule wa juu. Hapo hapo! Usitikisike."

Clarrie Noske alikuwa na mkate kwapani na nzi puani. Mwanamke mwenye kofia ya majani alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, akapiga goti ili simu yake iwaingize wote wawili: Clarrie wa chini, mfupi, aliyejikunja kama gunia tupu, na Clarrie wa juu, aliyechorwa kwenye zege la maghala kutoka msingi hadi paa, akiyatazama mashamba ya ngano kana kwamba yeye ndiye aliyeyaumba.

"Mbona macho yako si ya buluu?" mwanamke akauliza, akitazama simu, kisha ukuta.

"Hayajawahi kuwa ya buluu."

"Lakini pale juu..."

"Pale juu walikosea."

Mwanamke akacheka kwa sauti, akamshika bega, akamwambia ana utani mzuri kama wazee wote wa mashambani. Clarrie akamfukuza nzi, akavuka barabara. Hakuwa ametania. Alikuwa amekwenda kununua mkate.

Mji wa Kurrabin ulizaliwa na ngano, na ngano hiyohiyo ilikuwa ikiuacha ufe polepole. Watu wa kwanza wa jembe walifyeka vichaka, wakang'oa visiki vilivyowasha majiko yao kwa vizazi viwili. Reli ikaja. Magunia yakapangwa kando ya reli hadi yakalipita kanisa kwa urefu. Baadaye yakajengwa maghala ya zege, na shazia za kushonea magunia zikatundikwa ukutani zikashika kutu. Clarrie alifanya kazi kwenye maghala hayo tangu ndevu zilipoanza kumtoka: kukwangua, kusukuma kwa koleo, kufungua mlango wa chini ngano imiminike kwenye behewa, kumeza vumbi. Sasa ngano ilipelekwa kituo kikubwa kule barabara kuu. Maghala yakabaki na njiwa. Benki ikafungwa, shule ikafungwa, na baa ilifunguliwa siku mwenyewe alipojisikia.

Ndipo halmashauri ikaamua kuyapaka maghala picha za rangi. Miji mingine ilikuwa imepaka, na watalii walikwenda huko kutazama. Mchoraji alipokuja akasema anataka uso wa mtu wa maghala, uso uliochomwa na jua. Mpakuaji aliyebaki hai alikuwa mmoja.

"Mchoreni Vin Tregenza," Clarrie aliwaambia siku ile. "Mimi niacheni."

Vin alikuwa mwenzake wa koleo. Alifia ndani ya ghala la kati, na picha yake iliyobaki ilikuwa moja, ya harusi, amefumba macho. Mchoraji akasema hawezi kuchora mtu aliyefumba macho, watu watadhani amelala. Wakamrudia Clarrie, wakambembeleza, mpaka akachoka akasema, "Basi, fanyeni mnavyotaka."

Kurrabin nzima inajua maana ya maneno hayo. Mtu akikwambia fanya unavyotaka, unaacha, unakwenda zako. Lakini wale walikuwa watu wa mjini. Walishukuru, wakampiga picha, na kesho yake jukwaa la chuma likaanza kupanda ukutani.

Tangu siku uso ulipokamilika, Una Tregenza, mjane wa Vin, hakumsemesha tena. Kabla ya hapo kila Jumapili alimpelekea skonzi zilizofunikwa kitambaa, na Clarrie akamzibulia mifereji ya bati na kumkatia nyasi mbele ya nyumba. Nyasi aliendelea kukata. Una alipoisikia mashine alivuta pazia.

Asubuhi hiyo, mkate ungali kwapani, Clarrie akaingia ofisi ya utalii. Bronte Keogh, afisa mwenyewe, alikuwa akipuliza maputo. Ilikuwa siku ya kuzindua njia ya watalii ya maghala yote ya wilaya, na basi la wageni lilikuwa njiani.

"Clarrie! Nyota wetu!" Bronte akafunga puto. "Umevaa hivyo? Si kitu, ndivyo wanavyopenda."

"Nimekuja kwa lile jambo la ubao wa maelezo, ule wa pale ghalani."

Bronte akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi na tabasamu moja. "Tulishazungumza, rafiki yangu. Ubao umeshachapwa. Umeandikwa mwaka wa reli, mwaka wa maghala, jina la mchoraji, idadi ya makopo ya rangi."

"Makopo ya rangi yamepata nafasi. Jina la mtu limekosa."

"Sikiliza. Watu wanaendesha gari nusu siku nzima kuja huku kupumzika. Wana watoto. Huwezi kuwapokea kwa maiti."

"Simtaki kama maiti. Nalitaka jina. Vin Tregenza. Ni maneno mawili."

"Na baada ya maneno mawili watauliza alikuwa nani, halafu?"

"Halafu waambiwe!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Puto moja likaanguka mezani, likabingirika hadi sakafuni. Bronte akaliokota, akafikiri, uso ukamnyooka kama mtu aliyepata dawa.

"Waambie wewe. Leo. Nakupa kipaza sauti baada ya maelezo yangu. Useme chochote moyo wako unachotaka, kifupi tu. Wakisikia kwa mwenyewe, ubao wa nini?"

Clarrie akamtazama akitafuta mtego. Hakuuona. Akaenda nyumbani, akaweka mkate mezani bila kuukata, akavaa shati safi, akaketi ukingoni mwa kitanda akijipangia maneno. Yalikuja kwa urahisi humo chumbani. Yalikuja mengi mno.

Basi lilifika jua likiwa utosini. Wageni wakashuka wakijipepea na ramani, wakasimama kwenye kivuli chembamba cha ghala. Upande wa pili wa reli ilikuwa stesheni ya zamani iliyogeuzwa makumbusho, ambako Una na kina mama wengine wawili waliuza chai. Mlango wake ulikuwa wazi. Clarrie aliiona aproni nyeupe ikipita ndani, ikarudi, ikasimama.

Bronte akasimulia historia. Waliokuwa wakiishi hapa kabla ya jembe aliwataja kwa sentensi moja aliyoisoma kwenye karatasi. Kisha akaja kwa wakulima na farasi wao, ukame, mwaka ule panya walipovamia mashamba, bendi ya tarumbeta, timu ya kandanda iliyochukua kombe. Alisimulia vizuri. Watu wakacheka palipostahili kicheko. Mwishoni akanyoosha mkono juu, kisha chini. "Na huyu hapa ndiye mwenyewe!"

Kipaza sauti kilipiga ukelele mikononi mwa Clarrie. Akakisogeza mbali, akaanza.

"Hapa juu wamenichora mimi. Lakini tulikuwa wawili."

"Hatukusikii!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Tulikuwa wawili!" Akakisogeza karibu. "Mimi na Vin Tregenza. Mwaka ule mvua ilitangulia mavuno, ngano ikaingia na unyevu. Ikikaa hivyo inaganda juu kama ukoko wa mkate. Chini inatoka, juu haishuki. Lazima mtu aingie auvunje kwa koleo."

Mwanamume mmoja aliinua mkono. "Samahani, bwana. Vyoo viko wapi?"

Bronte akamwonyesha kwa kidole, akamwashiria Clarrie kwa kichwa aendelee.

"Vin aliingia. Mimi nilikuwa chini kwenye behewa. Namsikia ndani anaimba. Ghala lina mwangwi, ukiimba humo unasikika kama kanisa. Treni ilikuwa imechelewa, kila mtu anaharakisha kila mtu. Akatokea aliyefungua mlango wa chini bila kuuliza kama kuna mtu juu. Ngano ikaanza kushuka." Chumbani alikuwa na maneno mazuri ya mahali hapa, sasa hakuyaona. "Ngano ikishuka haikurudishi. Si kama maji, hakuna kuogelea. Nilisikia wimbo umekatika. Tukapiga kelele wafunge. Tukatoboa ukuta kwa nyundo, pale nyuma, mkizunguka mtaona kiraka. Ngano ikamwagika, ikamwagika, ikajaza reli yote. Ndipo tukaona kiatu."

Alitaka kusema kwamba kiatu chenyewe kilikuwa chake yeye Clarrie, walikuwa wamebadilishana asubuhi kwa sababu vya Vin vilikuwa vikimbana. Hakuweza. Upepo ukapita, makapi yakaruka kwenye viatu vya wageni.

Wageni wakatazamana, hawajui kinachofuata. Halafu mama mmoja mwenye huruma zake akaanza kupiga makofi. Wa pembeni akamfuata. Wote wakapiga makofi.

Clarrie alisimama katikati ya makofi yale kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto asijue pa kukimbilia.

"Makofi zaidi kwa Clarrie wetu!" Bronte alishapokea kipaza sauti. "Mambo ya zamani yalikuwa magumu, jamani! Sasa karibuni stesheni, kuna chai na skonzi za moto, na msisahau kupiga picha na mwenyewe."

Wakamzunguka. Mmoja akataka ashike koleo, mwingine akamwomba atabasamu, mzee wa mwisho akamuuliza kwa heshima kabisa rangi ilitumika makopo mangapi. Clarrie akapasua njia katikati yao kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu katika maisha yake. Akazunguka nyuma ya ghala hadi penye kile kiraka cha zege, akakipiga teke. Akakipiga tena. Kidole kikamuuma hadi machozi yakamlenga. Afadhali angempigia mbuzi gitaa. Mbuzi hapigi makofi.

Basi lilipoondoka alikuwa hajasogea hapo. Bronte alimpitia akiwa na maputo yake. "Ilikuwa nzuri sana, kweli. Nimesisimka. Ila safari ijayo uifupishe, na pale kwenye kiatu, labda..." Alimwona usoni, akaacha. "Tutazungumza," akasema, akaenda zake.

Jua lilikuwa kali na kivuli cha maghala kilikuwa kimehama. Clarrie akavuka reli akichechemea, akaketi kwenye benchi la stesheni, nje, akiupa mlango mgongo. Ndani vikombe viligongana, kina mama wawili wakaagana, magari yao yakaondoka. Kisha mtu akasema nyuma yake:

"Umesema alikuwa anaimba."

Una alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Alikuwa amepungua mwili.

"Ndiyo," Clarrie akasema.

"Vin hakuwahi kuimba. Kanisani alikuwa anafungua mdomo tu. Usiwadanganye watu."

"Sijadanganya mtu. Mle ndani alikuwa anaimba."

"Anaimba nini?"

Clarrie akakuna shingo. "Hata si wimbo. Alikuwa anaita mbwa. Mbwa wote aliowahi kufuga, majina yao, kwa sauti ya zaburi. Akimaliza anaanza upya."

Una akatoa sauti ambayo Clarrie hakuijua kama ni kicheko. "Na Bosun yumo?"

"Bosun ndiye alikuwa wa kiitikio."

"Yule mbwa alimuuma mara mbili!" Akaketi upande wa pili wa benchi, akiacha nafasi ya mtu wa tatu. Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Miaka yote hii, Clarrie. Umekula skonzi zangu miaka yote hii, na hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Ningeulizaje kitu nisichokijua? Wewe una kichwa gani?"

"Na wewe je? Miaka miwili unanifungia pazia, hata kuniambia kosa langu hutaki! Nilikataa, Una. Niliwaambia wamchore yeye. Niliwaambia fanyeni mnavyotaka!"

"Huko ndiko kukataa?"

"Wewe ungenielewa."

"Mimi ningekuelewa. Wale wametoka mjini, bwana wee!"

Clarrie alikuwa na hasira, na hakujua tena amemkasirikia nani.

"Si kwamba nilitaka wamchore Vin," Una akasema baadaye, taratibu. "Mungu apishe mbali, angekuwa mkubwa kiasi gani. Ila dirisha langu la jikoni linatazama huko. Kila nikijaza birika nakuona wewe, na mikunjo yako yote, na mvi. Umezeeka mpaka angani. Wa kwangu hakupata hata mkunjo mmoja. Sasa nifungue pazia nitazame nini?"

Maneno aliyoyapanga Clarrie asubuhi yote yalikuwa ya watu wengine, hakuna hata moja lililomfaa huyu.

"Naweza kukupandia mti pale mbele," akasema mwishowe.

"Mti! Tutakuwa tumekufa wote wawili kabla haujafika dirishani."

"Basi fanya unavyotaka."

Una akamgeukia haraka, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka. "Ingia ndani. Chai ipo birikani, si ya kumwaga."

Meza ilikuwa kando ya dirisha la upande wa barabara. Una akamimina bila kumuuliza sukari, hakuwa amesahau. Hakukuwa na skonzi iliyobaki, wageni walizimaliza. Kwa mbali kukasikika lori la mavuno likija, lenye matela mawili, limejaa ngano ya mtu, halipunguzi mwendo kwa kuwa Kurrabin hapakuwa na cha kulisimamisha. Sakafu ikaanza kutetemeka, vioo vikalia, vijiko vikacheza kwenye visahani. Una akakizuia kikombe chake kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akakizuia cha Clarrie, na lori lilipopita akabaki amevishika vyote viwili, akisikiliza, wakati punje chache za ngano zilizomwagika zikiendelea kuruka barabarani.