Mashine Haifanyi Kazi

Kazi yangu ni kupima kelele. Watu wakisikia hivyo wanacheka, na mama yangu kule Kilolo mpaka leo anawaambia majirani kwamba mimi ni mpima ardhi, maana anaona aibu. Siku hizi namwacha aseme hivyohivyo. Bora angekuwa anasema kweli.

Mtu akitaka kujenga nyumba ya kupangisha mjini, mara nyingine huambiwa alete ripoti ya kelele kabla ya kupewa kibali, ili ijulikane kama watakaoishi pale watapata usingizi. Ofisi yetu, ambayo ni chumba kimoja pale Iringa, huandika ripoti hizo. Bosi ni Rabson. Mimi, Liberatus, ndiye ninayebeba kipimo na kuzunguka nacho kwenye mabasi.

Miaka miwili iliyopita nilitumwa Uyole. Bwana Budeba, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Usangu, alitaka kujenga ghorofa nne za wapangaji katika kiwanja kilicho nyuma ya kilima, ambako muungurumo wa malori ya barabara kuu unafika kwa mbali tu. Hatua ishirini kutoka kwenye kiwanja kulikuwa na kibanda cha mashine ya kusaga nafaka. Niliposhuka nikiwa na mzigo wangu nilikuta kimya kabisa. Nilifurahi, na furaha ile inaniudhi mpaka leo.

Kimya kile kilikuwa cha msiba. Mzee Yotamu, aliyepakana ukuta na kibanda cha mashine, alikuwa amefariki jana yake. Wanaume walikaa nje wakiota moto, wanawake walikuwa ndani na mikeka yao. Mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge kiunoni, alinijia.

"Mwanangu, unamtafuta nani?"

"Shikamoo mama. Mashine hii ya nani?"

"Marahaba. Ni yangu. Naitwa Faustina. Leo imelala. Mwenzangu analia hapa ukutani, mimi niungurumishe mashine? Siwezi. Wenye mahindi nimewaambia waende kule chini mpaka tumalize matanga."

"Itaamka lini?"

"Jumatatu, Mungu akipenda."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Rabson alitaka ripoti mezani Jumamosi.

Mama Faustina alikitazama kipimo changu chenye sifongo jeusi kichwani, akauliza kinafanya nini. Nilipomweleza alifikiri kidogo. "Sasa utapimaje kelele na mwenye kelele amenyamaza? Subiri nikaongee na wafiwa. Nikuwashie dakika mbili tu, upime, nizime. Watanielewa."

Ndugu zangu, alitaka kuniwashia! Mimi ndiye niliyekataa. Niliona haya mashine ingurume juu ya maiti ya watu kwa ajili yangu, hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba basi la kurudi lilikuwa linaondoka saa nane, na kurudi tena Jumatatu nilikuwa naona uvivu.

"Usisumbuke mama," nikasema. "Nitaandika."

"Ndaga, asante mwanangu. Basi njoo unywe chai."

Nikanywa chai ya msiba na viazi vya kuchemsha. Kipimo kilikuwa kimesoma desibeli arobaini na saba, na mpaka tunaoutumia kwa nyumba za kuishi ni hamsini. Kwenye fomu kuna sehemu ya kutaja vyanzo vya kelele vilivyo jirani. Nikaandika: mashine ya kusaga, haifanyi kazi. Nilikusudia kuongeza neno la msiba nikifika ofisini. Lakini nilipofika tu Rabson aliichukua fomu mkononi mwangu, akaisoma.

"Safi sana," akasema. "Mashine mbovu haina madhara kwa mtu."

Nilimsikia vizuri aliposema mbovu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ripoti ikaenda, kibali kikatoka, ghorofa likapanda.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya changu ulikuja mwaka jana, wapangaji walipohamia na kukuta mashine inaamka nao alfajiri, inanguruma mpaka jioni, na unga unatua kwenye nguo walizoanika. Wakalalamika halmashauri. Ripoti ikatolewa kabatini, ikaonekana kwamba wakati kibali kinatoka mashine haikuwa inafanya kazi. Kwa hiyo, walisema, aliyeleta kelele ni mama Faustina, tena ameileta baada ya nyumba kupata kibali. Akapewa barua ya kuondoa mashine.

Alinipigia simu. Namba yangu alikuwa ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda siku ileile ya msiba.

"Libe, ni wewe yule wa chai? Wanasema mashine yangu ni ya juzi. Miaka kumi na tisa nasaga hapa, mwanangu! Kuna kikao Jumatano. Njoo uwaambie tu vile ulivyoona."

Nilimwambia nitakuja. Rabson alipojua, naye akaja.

"Ukisema tulikosea, hakuna atakayetupa kazi tena," akaniambia ndani ya basi. "Wakikuuliza, wajibu kilichoandikwa. Si uongo. Hukuandika uongo wewe."

Chumba cha kikao kilikuwa na baridi, na mama Faustina alikaa benchi la mbele. Aliponiona alitabasamu, akasogea ili nipate nafasi ya kukaa. Nikakaa. Bega lake lilinukia pumba za mahindi.

Mwenyekiti aliinua karatasi. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba mashine haifanyi kazi?"

"Ndiyo."

"Na ulipofika pale, ilikuwa inafanya kazi?"

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Kulikuwa na msiba. Matatu tu. Rabson akakohoa nyuma yangu, nami nikawaza ada ya shule ya wanangu, nikawaza mama yangu Kilolo na mpima ardhi wake.

"Hapana," nikasema. "Haikuwa inafanya kazi."

Mama Faustina alikuwa bado ananitazama, anangoja. "Endelea, mwanangu," akaninong'oneza. Alidhani nimesahau.

Sikuendelea.

Mwezi uliopita nilitumwa tena Uyole, kupima mara ya mwisho ili faili lifungwe. Niliomba atumwe mwingine, lakini mwingine hayupo. Kibanda kilikuwa wazi. Mota imeuzwa, na pale ilipokuwa imefungwa zimebaki bolti nne zimechomoza kwenye sakafu ya saruji. Unga bado ulikuwa umeganda juu kwenye kenchi. Niliweka kipimo mahali palepale pa mwanzo. Kikasoma arobaini na saba.

Mama Faustina alitoka kwake na birika na vikombe viwili. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia vizuri kabisa, wala hakunitukana, ingawa nilitamani sana anitukane. Akanimiminia chai na kuniwekea viazi viwili kwenye kisahani.

"Kaa unywe," akasema. "Mtu akikuta msiba hapa kwetu haondoki na njaa."

Nikakaa kwenye jiwe. Aliangalia fomu iliyokuwa magotini pangu, akaweka kidole kwenye sehemu ile ya vyanzo vya kelele, kama mtu anayemwonyesha mtoto mstari wa kuandika.

"Andika basi, mwanangu. Safari hii kweli haifanyi kazi."

Nikaandika.