Mafuta ya Gari Kwenye Breki Yangu

Naminya breki ya mbele ya baiskeli yangu, hizi zinazotumia mafuta badala ya waya, na mkono wa breki unaenda moja kwa moja mpaka unagusa usukani. Unabaki hapo hapo. Haurudi! Naminya ya nyuma, vilevile.

Na kesho saa mbili asubuhi ni mchujo wa timu. Mchujo wa kushuka mlima jamani, siyo kwenda dukani! Miaka miwili najiandaa.

"Nani kagusa baiskeli yangu?"

Kaka yangu, fundi magari, yuko sebuleni anakula. "Mimi. Juzi ulipokuwa kazini. Mafuta ya breki yalikuwa machafu, nikakubadilishia zote mbili. Hata asante huna?"

"Umeweka mafuta gani?"

"Ya gari. Ulitaka niweke ya kupikia?"

Akacheka. Peke yake.

Nikapiga picha maandishi ya kwenye breki, nikamsukumia simu mpaka kwenye sahani: MAFUTA YA MADINI TU. "Soma, kaka. Kwa sauti."

"Mdogo wangu, mimi nafunga breki za malori..."

"Nimekuuliza malori? Soma!"

Hakusoma. Akatafuna.

Nikatandaza gazeti sakafuni, nikaifungua breki ya mbele. Ile mipira ya ndani, pete ndogo zinazozuia mafuta yasivuje, imevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Mafuta ya gari yameila. Nikapiga picha moja moja, nikamtumia, na yuko hatua tatu tu kutoka nilipo. Simu yake ti! ti! ti!

"Nimeona basi!"

"Bado hujaona."

Nilikuwa na seti moja ya mipira mipya. Moja! Breki mbili. Ukiagiza nyingine, ni wiki nzima. Nikaosha kila kitu kwa spiriti, nikafunga mipira, nikasukuma mafuta yake halisi kwa bomba la sindano, huku nagonga-gonga mrija wa mafuta mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka. Nikaminya. Ngumu kama jiwe! Nikafurahi kama nusu dakika hivi. Halafu nikatazama gurudumu la nyuma.

"Si moja inatosha?" kaka akasema. "Shuka polepole."

"Panda wewe! Ubane ya mbele peke yake mteremkoni, uone meno yatakavyokutangulia chini. Na kwenye mchujo wanakagua zote mbili kabla hujapanda."

Nikampigia kocha, nikaweka spika, nikamshikisha kaka simu. "Mwambie."

"Kocha, shikamoo. Aah... breki za mdogo wangu zimepata hitilafu..."

"Zimepata?" nikafoka. "Zimepata zenyewe?"

Akaisogeza simu mdomoni. "Nimeziharibu mimi. Niliweka mafuta ya gari. Sikumuuliza."

Kocha akashusha pumzi. "Siwezi kusogeza mchujo kwa ajili ya mtu mmoja. Ajaribu mwakani."

Simu ikakatika. Kaka akabaki ameishika, hata hajui aiweke wapi.

"Pole," akasema. Nikavuta baiskeli, nikaanza kufungua breki ya nyuma niisafishe, isubiri mipira yake. Akachuchumaa, akanyoosha mkono achukue bisibisi.

"Toa mkono."

Akautoa.