Meza Iliyofika Mwera

Zebedayo hakuwa na koti. Hakuwa na saa, hakuwa na mwavuli, hakuwa na viatu vya kamba, na katika mkono wake wa kushoto hakuwa na vidole viwili, ambavyo vilichukuliwa na mashine ya kukamua mkonge shambani Mwera kabla hajapewa kazi ya ukarani. Vilevile hakuwa na ruhusa ya kupita mlango wa mbele wa ofisi ya kampuni mjini Tanga. Mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu, wa ubavuni ulikuwa wa Wahindi, na wa nyuma, uliopakana na choo na banda la kuni, ulikuwa wa Waafrika. Jumatatu moja ya mwaka 1955 alikuwa amesimama kwenye mlango huo wa nyuma, akijipangusa vumbi kwa leso, tarishi Mselem alipokuja kumwambia apite mbele.

"Mbele wapi?"

"Mbele kwa mbele, Baba Bertha. Leo wewe ni mjumbe. Jifute na pua."

Mwaka ule wakubwa walipenda sana kusema kwamba nchi ni ya mataifa matatu, na makao makuu ya kampuni huko London yaliagiza kila tawi lionyeshe jambo hilo kwa vitendo. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kiko, akaunda Kamati ya Meza Moja. Yeye aliwakilisha Wazungu, mhasibu Jivraj aliwakilisha Wahindi, na Zebedayo aliwakilisha Waafrika. Waafrika wa kampuni walikuwa maelfu, na Wazungu wake wangeweza kwenda kanisani kwa gari moja, lakini Bwana Kiko alieleza kwamba usawa ni usawa.

Meza yenyewe ilikuwa ya mninga. Siku ile ya kwanza ilikuwa fupi kama ubao wa kupigia pasi, na wajumbe watatu walibanana mabega mbele ya mpiga picha. Picha ikatundikwa kwenye mlango wa mbele, mlango ambao Zebedayo aliupita siku hiyo tu.

Zebedayo alikubali ujumbe kwa sababu moja. Mdogo wake, Asheri, alikuwa akilisha mashine ileile ya Mwera. Mashine hiyo ilitoka kiwandani na kinga ya chuma, bamba zito la kuzuia mikono isifuate majani ya mkonge hadi kwenye meno. Bwana Kiko aliamuru ing'olewe kwa kuwa ilichelewesha kazi. Haikupotea. Ilikuwa ghalani, hatua chache tu kutoka kwenye mashine, ikizuia mlango wa ghala usijifunge kwa upepo.

Mpiga picha alipokwisha kutoka, Zebedayo alisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ile kinga ya mashine ya Mwera irudishwe."

Meza ikarefuka kwa urefu wa mkono, na kiti chake kikarudi nyuma pamoja nayo.

"Hilo tutaliweka kwenye mengineyo," alisema Bwana Kiko.

Katika kikao kilichofuata alilisema tena, na meza ikafika ukutani. Fundi seremala akaitwa, akatoboa ukuta vizuri, akapaka rangi kingo za tundu ili zisichafue nguo. Jivraj, ambaye kiti chake kilikuwa katikati, alisogea hadi karibu na dirisha, akashukuru kwamba bado yuko ndani. Kila Zebedayo alipoitaja ile kinga, meza ilikwenda. Haikuwahi kukatika. Bwana Kiko alilisisitiza jambo hilo kwa wageni: ilikuwa ni meza moja, mti mmoja, na kila taifa lilikuwa na kiti chake.

Masika ilipoanza, Zebedayo alikuwa akihudhuria vikao akiwa mtaa wa Usagara, uani kwa Bi Mastura muuza vitumbua. Mwenyekiti aliuliza ofisini kama mjumbe wa Waafrika ana la kusema. Swali lilichukuliwa na Mselem kwa baiskeli. Aliendesha juu ya meza yenyewe, kwa kuwa ilikuwa laini kuliko barabara ya manispaa. Aliporudi na jibu, kikao kilikuwa kimekwisha kufungwa na kumbukumbu zimekwisha kuandikwa: Mjumbe wa Waafrika hakuwa na la kuongeza.

Bi Mastura alipanga sinia zake juu ya meza. Jirani yake, Miraji fundi cherehani, aliweka cherehani mwishoni, penye mwanga.

"Baba Bertha," alisema Bi Mastura, "hivi sasa uko kwenye kikao?"

"Niko."

"Basi inua miguu nifagie."

"Usimfanyie dharau, Bi Mastura," alisema Miraji. "Baba yake hakupewa hata kigoda. Leo mwana ana kiti, tena cha kuegemea. Mambo haya huja polepole."

"Huja? Mbona mimi naona yanakwenda?" Alielekeza mwiko upande wa Pangani. "Hebu nijibu, Miraji. Mtu akikualika karamuni, kisha akakutandikia mkeka nyumba ya saba, umealikwa au umefukuzwa?"

"Umealikwa. Jina lako limetajwa."

"Basi lishone hilo jina, ulivae sikukuu."

Miraji alicheka hadi akaukosa mshono. Zebedayo hakucheka.

"Nikikiacha kiti, nani ataitaja ile kinga?" aliuliza.

"Na ukikikalia, nani anakusikia?"

Zebedayo aliomba kitumbua. Bi Mastura alimpa viwili. Aliona haya kumtoza mtu aliye mkutanoni.

Baada ya Pasaka alikuja mgeni kutoka London kukagua mpango. Asubuhi ya siku hiyo meza ilijikunja bila kuambiwa. Sinia za Bi Mastura zilianguka, cherehani ya Miraji ikavunjika gurudumu, na Zebedayo, akiwa bado kitini, alivutwa kupitia tundu la ukuta hadi kiwiko chake kikagusana na cha Bwana Kiko. Alikuwa amejifunza maneno yake kwa Kiingereza, shule ya jioni, akiyarudia hadi mkewe Ruthi akayajua kwa moyo.

Mgeni alimshika mkono ule wenye vidole pungufu, akautikisa kwa upole, akamuuliza kama ana furaha.

"Bwana," alisema Zebedayo, "mashine ya Mwera haina kinga, nayo kinga iko ghalani, inazuia mlango."

Neno "mashine" alilisema ofisini. "Haina kinga" alilisema uani kwa Bi Mastura, ambaye alimpungia mkono. "Ghalani" lilimtoka Tongoni, katikati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa, na "mlango" alilimalizia Mwera, mbele ya ghala lenyewe, meza iliposimama kando ya mashine. Mgeni aliandika kwamba mjumbe wa Waafrika ni mtu mchangamfu ila huondoka upesi.

"Shikamoo kaka," alisema Asheri, mikono yake imejaa majani ya mkonge.

"Marahaba."

"Kikao kimehamia huku?"

"Nimehamia mimi. Kikao kiko kulekule."

Sasa kinga ilikuwa karibu naye kuliko wakati wowote. Aliinuka, akaenda ghalani, akaiinua. Mlango ukajifunga kwa kishindo, na nyapara akatokea.

"Irudishe hiyo. Nina amri ya kampuni."

"Mimi ni mjumbe wa kamati ya kampuni."

"Naiona meza, sikatai. Basi niletee karatasi yenye saini zenu zote tatu."

Zebedayo aliandika karatasi, akatia saini yake, akampa Mselem. Jivraj alisema atatia saini ya pili baada ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema jambo hili ni la mengineyo. Mselem alikuwa bado njiani na jibu hilo mashine ilipouchukua mkono wa kulia wa Asheri, hadi kwenye kifundo.

Walimlaza juu ya meza, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Zebedayo alimfunga kwa shati lake na kupiga kelele, na kelele ile ilipita ndani ya mninga kupitia Tongoni na Usagara hadi ofisini, ambako vikombe vya chai vilitetemeka katika visahani vyake. Bwana Kiko alikishika cha kwake. Jivraj akaandika: Mjumbe wa Waafrika alichangia kwa sauti. Kamati ilifurahi kuona anashiriki.

Nafasi ya Asheri ilipata mtu mchana uleule. Yeye mwenyewe alipotoka hospitali, kampuni haikumtupa. Ilimpa ulinzi wa ghala. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, na kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia ile kinga isisogee, mlango usije ukajifunga.

Zebedayo alikaa mwisho wa meza, akawaandikia London barua ya ukurasa mmoja. Aliandika kinga iko wapi, inafungwaje, na mkono wa nani umekwenda. Kanuni ya kamati ilitaka barua za wajumbe zipitie kwa Mwenyekiti. Mselem aliipeleka kwa baiskeli, akaisimamia hadi isomwe.

Bwana Kiko aliisoma yote. Aliusifu mwandiko. Alimwonyesha Jivraj jinsi herufi zilivyosimama sawa, kisha akaiambatisha kwenye taarifa ya mwaka ya Mpango wa Meza Moja, chini ya maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: Ushahidi kwamba mjumbe wetu wa Waafrika anaandika Kiingereza, tena kizuri.

Jivraj akawasha mshumaa. Lakiri nyekundu ikadondoka juu ya bahasha, Bwana Kiko akagandamiza muhuri, na Mselem akaichukua kuipeleka posta, akapita mlango wa nyuma.