Mteja Wangu Hana Picha

Jana usiku nimeota. Lakini kabla sijaieleza ndoto yenyewe, ijulikane kwamba hapa Korogwe hakuna mfanyabiashara wa mtandaoni mkubwa kunishinda mimi, Kidawa binti Omari. Nina miaka sabini na mbili. Wengine wote ni watoto.

Upande wa wateja ni habari nyingine. Ninaye mmoja.

Anaitwa Mama Swabra. Kila wiki anaagiza kopo la achari yangu ya ndimu, ananiomba nilifunge kwenye gazeti na kuliacha kwa fundi cherehani karibu na stendi, atapitia mwenyewe. Sijawahi kumtia machoni. Ila huniandikia maneno ambayo mume wangu Mbaruku, tangu anioe, hajawahi kuyatamka hata akiwa na homa. "Mikono iliyopika hii isije ikachoka." Mimi humsomea Mbaruku maneno hayo wakati wa chakula cha jioni, ajue wenzake wanavyosema. Yeye akipenda chakula husema, "Si kibaya." Na achari siku hizi hagusi. Daktari alimkataza pilipili kwa ajili ya tumbo, naye akatii kwa upole ulionishangaza.

Sasa jana jioni mjukuu wangu Salha, ndiye aliyenifungulia ukurasa, akanyanyua macho kwenye simu.

"Bibi, huyu Mama Swabra mbona hana picha? Hana picha, hana ndugu, hana rafiki. Isije ikawa si mtu."

"Kama si mtu, achari yangu inaliwa na nani?"

"Sijui. Lakini kama na huyo naye hayupo, bibi yangu, tufunge huo ukurasa. Tunachekwa."

Nikamwambia jibu nitampa asubuhi. Masufuria yangu yalikuwa yamepangwa pale pale ukutani, nikayaona kama yananisikiliza. Nikaingia kulala.

Ndotoni niko chumbani kwangu, hakuna kilichobadilika. Buibui langu limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Linakohoa.

Linashuka. Lina mikono minane, na kila mkono umeshika simu.

"Kidawa," linasema, "mimi ndiye mwenye mtandao."

"Wewe ni vazi langu la kwendea arusini."

"Hiyo kazi ya mchana. Hujawahi kujiuliza kwa nini mimi na yule mdudu tunaitwa jina moja?"

Kusema kweli sikuwahi. Nikaona pia si adabu kuendelea kumwita "hili", na anasema na mimi uso kwa uso. Nikaanza kumwita "huyu".

"Ukurasa wako una kesi," akaendelea. "Jua likichomoza hujanithibitishia mteja mmoja aliye hai, naukunja. Ukishakunjwa haukunjuliwi. Vaa viatu twende mtandaoni."

"Mtandao wenyewe upo?"

"Uko chini."

Basi tukashuka. Mtandao ulikuwa chini ya kitanda, umetandazwa kama mkeka, unanata kidogo kwenye nyayo. Nakanyaga hatua mbili, natokea stendi ya Korogwe. Ila leo hakuna mabasi, kuna makabati, na wapiga debe wanawahimiza abiria wapande droo za juu, za chini zimejaa.

Nyuma yangu nasikia miguu. Nageuka. Watu wamejipanga mpaka ng'ambo ya reli. Nikisimama, wanasimama. Nikijikuna, wanangoja nimalize.

"Hawa ni nani?"

"Wafuasi wako," anasema buibui. "Si unao maelfu? Kazi yao ni kukufuata."

Nikawakumbuka. Salha aliwanunua kwa bei ya jumla ili ukurasa usionekane mkiwa. Nikawasogelea niwakaribishe, ndipo nikaona kwamba hawana midomo. Uso unakuja vizuri mpaka puani, ukifika hapo unakwisha.

"Mnapenda achari?" nikawauliza.

Vidole gumba vyote juu.

"Mtanunua?"

Juu.

"Mtaitia wapi?"

Juu.

Nikamwuliza buibui kama kuna dawa. Akasema hakuna. Wafuasi wa kununuliwa hawanunui, na dukani hawarudishwi. Nikasema basi naomba niende msalani mara moja nikafikiri. Nikaenda. Wakaja. Sitaeleza zaidi.

Natoka pale, nakutana na chupa moja ndefu, shingo nyembamba, inang'aa kama meno ya bwana harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Mimi ndiye chupa ya kwenye tangazo lako."

Nikaitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, achari yangu mimi naiweka kwenye makopo ya siagi ya karanga, nikishayachemsha."

"Najua. Hata mimi nilishangaa. Nilikuwa kwetu nimesimama dirishani, nikachukuliwa bila kuulizwa. Hapa penyewe sipajui ni wapi. Halafu ndani yangu hamna ndimu, bibi. Ni nta imepakwa rangi."

"Na watu wakiniuliza mbona waliyoletewa haifanani na wewe?"

"Nami ndilo nililotaka kukuuliza. Huna nauli ya kunirudisha?"

Sikuwa nayo. Nikamwambia ajiunge na foleni. Wafuasi wakamnyanyulia vidole, akafarijika.

Mbele kidogo kuna kasha kubwa la mninga, limeandikwa kwa chokaa: INBOKSI. Hapo lazima niwaeleze. Mtu akiniuliza bei kwenye ukurasa, mimi humjibu, "Njoo inboksi." Hakuna aliyenifundisha. Niliona wenzangu wote wanajibu hivyo, nikadhani ni salamu.

Nafunua kifuniko. Ndani mmejaa watu. Kuna jiko la mkaa, kuna birika, kuna kamba na nguo zimeanikwa. Mwanamke mmoja mwenye kikapu ananitolea macho.

"Ndiye huyu," anawaambia wenzake. "Bibi, nilikuuliza bei ya chupa ndogo tangu kabla ya Ramadhani. Ukaniambia nije inboksi. Nimekuja. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nje."

"Unaita watu ndani, mwenyewe unakaa nje?"

"Nilidhani anayeingia ni mteja, mimi sihusiki."

"Haya. Unawaona wale wawili? Walikutana humu humu wakingoja bei. Wameoana. Mtoto wao yule anatambaa, wamemwita Subira. Sisi hatuna haraka, tunauliza tu: bei gani?"

Nikawatajia hapo hapo, kwa sauti, na wa nyuma wasikie.

Yule mwanamke akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Sasa si ungeiandika chini ya picha, sisi tukabaki makwetu?" Akaanza kukunja mkeka wake. "Basi, bibi. Tumeshachoka kungoja, tumejipikia yetu. Onja."

Nikaonja. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Sikusema.

Kasha likafunguka upande wa nyuma, nikatoka nikajikuta nimesimama kwenye darasa la tatu nililosoma mimi, dawati langu liko pale pale na sikumbuki nani alilitafuna pembe. Buibui amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Dirishani weupe unaanza kuingia.

Mbele ya ubao kuna mtu amekaa chini, amenipa mgongo, amejifunika khanga mbili gubigubi.

"Ndiye Mama Swabra?" nikauliza. Angalau kuna mgongo. Kitu kisichokuwepo hakina mgongo.

"Ndiye anayejiita hivyo. Sheria ya kwanza ya biashara: mjue mteja wako. Haya, mjue."

"Nimpe mkono?"

"Usimguse. Jibu ninachokuuliza. Ukikosea, nakunja ukurasa, na yeye nampeleka walikotoka wale wasio na midomo. Anakula vipi?"

"Kwa kujificha," nikasema. "Ndiyo maana ya lile gazeti."

"Anamwogopa nani?"

"Daktari. Na mtu mmoja wa nyumbani."

"Analalia ubavu gani?"

"Wa kulia. Akilalia wa kushoto anakoroma."

Nilishangaa kinywa changu kimeyajulia wapi hayo. Kile kichwa ndani ya khanga kikainuka kidogo.

"Sikoromi," kikasema, kwa sauti nene.

"Mteja anyamaze," anasema buibui. "Swali la mwisho. Kwa nini ananunua kwako?"

Hapo nikakwama. Nilitaka kusema kwa sababu achari yangu ndiyo bora, lakini ladha ya ile ya kwenye kasha ilikuwa bado iko kwenye ulimi. Jua nalo linapanda. Nikaona simu zote nane zinaanza kukunja pembe za kitu fulani kwenye ubao, na kitu chenyewe ni ukurasa wangu, na jina langu limeshafikia nusu.

"Sijui," nikasema. "Mwulize mwenyewe. Mimi sijawahi kumwuliza neno zaidi ya 'ngapi?'"

Simu zikasita. "Mwuzaji anakubali kwamba hajui," anasema buibui, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Mteja, jibu."

Ule mgongo ukajikuna. "Uso kwa uso siwezi kumsifu," ukasema. "Nikimsifu tu ananiuliza nimevunja nini."

Nikamhurumia sana. Nikawaza, mtu gani huyo wa nyumbani asiyeweza kusifiwa.

"Inatosha," anasema buibui. "Kidole gumba, tumalize."

Wino ulikuwa umekauka. Buibui hakuhangaika. Alifungua kopo langu la achari, akasema manjano iliyomo inatosha. Ukatoka mkono ndani ya khanga, kidole kinene kama mpini wa jembe, kikazama ndani ya kopo mpaka kwenye kifundo. Kilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kikatoka, kikagandamizwa kwenye ukurasa, kikarudi chini ya khanga, na nikasikia kinalambwa.

"Mteja mmoja, hai, amethibitika," anasema buibui. "Ana ndevu, lakini hilo halimo kwenye kazi yangu."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Vazi liko msumarini, limetulia. Mbaruku amelala pembeni yangu, ubavu wa kulia, mkono umetoka nje ya shuka. Kidole gumba chake kilikuwa cha njano mpaka kwenye kifundo.

Sikumwamsha. Nilikaa nikikitazama mpaka akafumbua macho mwenyewe.

"Mzee wangu, kidole kimepatwa na nini?"

Akakiangalia kama ndiyo kwanza wanajuana. "Rangi. Jana tulikuwa tunapaka mlango wa msikiti."

"Mlango wa msikiti ni wa kijani."

"Kabla haujakauka ulipitia njano."

"Ahaa. Na huyu Mama Swabra, wewe unamfahamu?"

"Nimfahamu wapi, zaidi ya hizo barua zake unazonisomea nashindwa hata kutafuna? Mimi simu yangu ni hiki kitochi, Kidawa. Mambo ya kubofyabofya siyajui, wala usinifundishe."

Nikachukua simu yangu, nikafungua ukurasa, nikaandika polepole, herufi moja moja: "Kwa mteja wetu mpendwa. Achari hatupiki tena. Tumefunga."

Nikatuma.

Ndani ya foronya ya Mbaruku kitu kikalia, ti-ring.

"Panya," akasema.

"Panya wa siku hizi wana bando."

Aligeukia ukutani, akavuta shuka mpaka juu ya kichwa, nikabaki na mgongo. Kwa ndani nikaona mwanga mdogo umewaka. Ukakaa muda ule ambao mtu asiye na miwani anaweza kusoma mistari miwili, akairudia.

"Mmefungaje," sauti ikatoka ndani ya shuka, "na mimi nimeshaagiza ya Ijumaa?"