Asante kwa Nonna Vikentyevna

Katika mchezo wetu wa kuteleza kwenye barafu, mtu hamshukuru kocha wake hadharani ila siku anayomkimbia. Hapa Perm hilo linajulikana kwa kila mtu, kuanzia wakubwa wa shirikisho hadi mama anayepokea makoti mlangoni. Ukiamka ukakuta binti fulani ameandika kwenye ukurasa wake, "Asante kwa kila kitu, asante kwa miaka hii yote," usiulize zaidi. Mabegi yameshafungwa, na mwenyewe yuko kwenye treni ya Moscow au ya Petersburg. Anayebaki na kocha wake hamshukuru. Humsengenya.

Nami nililijua hilo. Nimekulia kwenye barafu tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na nina shahada ya ualimu wa michezo ambayo mama ameitundika juu ya jokofu. Lakini mwezi wa nane uliopita kocha wangu, Nonna Vikentyevna, alitimiza miaka sitini, na mapenzi yakanitoa akili.

Mimi siwezi kumpongeza mtu uso kwa uso. Kurushwa hewani nikazunguka kama pia na kutua kwa mguu mmoja, hilo naliweza. Kusimama mbele ya Nonna Vikentyevna nikasema maneno matamu, siliwezi. Ulimi unanata, masikio yanawaka moto. Kwa hiyo nikaandika. Nikaweka picha yetu ya zamani, mimi kibogoyo, yeye amenishika ukosi kama paka anavyobeba mwanawe. Chini yake nikaandika: "Asante kwa kila kitu, Nonna Vikentyevna. Asante kwa miaka hii yote, kwa pai za kabichi na kwa kunifokea. Sitasahau." Nilitaka kuongeza kwamba ni siku yake ya kuzaliwa, ila Nonna huuficha umri wake kama watu wanavyoficha upele, nikaona nimsitiri. Nikazima simu, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi nilipoiwasha, simu ilitetemeka hadi ikaanguka kutoka mezani.

Mama alikuwa amepiga mara nyingi kuuliza kwa nini nimemficha, na kama Petersburg kuna bweni au anitafutie chumba. Mashabiki walikuwa wamegawanyika. Wengine walilia. Wengine walisema nimechelewa kuondoka, yule bibi ameisha. Bwana mmoja ambaye ukimtazama pichani unaona hajawahi kukanyaga barafu ila ya barabarani alieleza kwa kirefu kwamba tatizo ni nyonga zangu. Tovuti moja ya michezo iliandika "Talaka Perm" kwa herufi kubwa, ikaweka picha yangu niliyofumba macho nikiwa napiga chafya.

Na kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Genrikh Palych. Huyu zamani aliteleza jozi na Nonna, kisha akamwoa, kisha wakaachana, na sasa ana shule yake Petersburg. Tangu waachane amekuwa akimchukulia wanafunzi mmoja mmoja, kama mume aliyetoka nyumbani lakini kila mwaka anarudi kuchukua sufuria. Aliandika kwamba hakutegemea, ila amefurahi, na kwamba habari za Yelisei nisiwe na wasiwasi nazo, zimeshapangwa.

Yelisei ndiye mwenzangu. Nimeteleza naye tangu nikiwa sekondari. Sikujua ni nani aliyekuwa akipanga habari zake na Genrikh Palych.

Lazima niseme jambo hapa, maana asiyejua mchezo wa jozi atadhani nakuza mambo. Wavulana wa kunyanyua ni wachache kama meno ya kuku, na wasichana wa kunyanyuliwa wamejaa. Mvulana akiachana na mwenzake, kesho yake mama wa wasichana wanapanga foleni kwake wakiwa na vyakula. Msichana akiachwa hana eda, ana kustaafu. Na Septemba kuna maonyesho ya majaribio mbele ya shirikisho. Usipoonekana hapo na mwenzako, msimu mzima umekwisha, na mtu aliyemaliza msimu mzima akiwa nyumbani huwa hakumbukwi hata na waliomtukana.

Nilikimbilia uwanjani nikiwa nimevaa soksi zisizofanana. Mama wa makoti alinibusu mashavuni, akanijaza peremende mfukoni za kula safarini. Nikashindwa kumwambia kwamba hakuna safari. Nikamshukuru, jambo ambalo bila shaka lilizidi kuharibu.

Yelisei alikuwa ameegemea ukuta wa pembeni mwa barafu, viatu vya kutelezea miguuni, nywele amezilaza vizuri. Ni kijana mzuri, sisemi uongo. Ukimtazama kwa mbali unaweza kumpenda.

"Kwa hiyo unaniacha," akasema.

Nilisema hapana. Ila sauti yangu, kama kawaida yake, ilitoka ikafika kwenye kola ikarudi.

"Afadhali, Tasya. Haki ya Mungu, afadhali umeanza wewe. Mimi nilikuwa sijui nianzie wapi."

Hapo akanifungulia moyo kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya karamu. Mwezi wa sita, alipoomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake, alikuwa Petersburg kwa Genrikh Palych, akijaribiwa na msichana mmoja anayeitwa Milana. Walipatana tangu mzunguko wa kwanza. Milana mwepesi, alisema, unamnyanyua kama mkoba mtupu. Kilichomchelewesha ni huruma tu: aliogopa nitalia, naye hapendi kuona mtu akilia kabla ya mazoezi.

Nilikumbuka kwamba nililia kweli mwezi wa sita. Nilimlilia bibi yake.

"Na bibi yako?" nikamuuliza.

"Hajambo. Anakusalimia."

Akanikumbatia kwa shukrani, kama unavyomkumbatia mlinzi aliyekufungulia geti bila kukuuliza maswali, akaenda zake kuvua viatu. Kabla ya chakula cha mchana na yeye alishaandika shukrani zake. Alinakili zangu neno kwa neno, na pai za kabichi humo humo, ingawa kabichi humjaza gesi na hajawahi kuigusa.

Nonna Vikentyevna hakutokea barafuni. Aliwatumia watoto salamu kwamba hakuna mazoezi, ana msiba.

Nikakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, na ndipo Genrikh Palych akapiga simu. Swali lake la kwanza lilikuwa nina kilo ngapi siku hizi. Nikamtajia. Akasema si mbaya, zitashuka. Ndipo akanisalimia. Alisema ana kijana mmoja mrefu, mabega kama kabati, mwenzake ameumia goti. Jumatatu nije tujaribu, na Septemba tutakuwa barafuni mbele ya shirikisho kama kawaida. Sauti yake ni nzuri, ya kutuliza, sauti ya daktari wa meno. Mama naye akapiga kusema kwamba amezungumza na Genrikh Palych, bwana mstaarabu sana, na koti la baridi ameshalipeleka kwa dobi.

Sitajifanya kwamba sikutamani. Nilimtamani yule kijana wa kabati bila hata kujua jina lake. Nilimwona ananishika, nikaona taa, nikaona majaji. Perm hapakuwa na mvulana hata mmoja wa kunyanyua, na kocha pekee aliyebaki alikuwa amejifungia ofisini akiniombolezea nikiwa hai.

Nikaenda nikagonga mlango wake.

Alikuwa ameketi mbele ya meza ya sherehe ambayo hakuna aliyekuja kuila: samaki wa kukaushwa kwa moshi, matango ya chumvi, pai nzima haijakatwa. Amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

"Muziki wako uko kwenye droo," akasema bila kugeuka. "Na gauni la bluu lichukue. Huko kwa Genrikh watakuvika manyoya kama kuku wa mashindano."

"Ilikuwa ya kuzaliwa," nikasema.

"Nini?"

"Ile asante. Ilikuwa ya siku yako ya kuzaliwa. Mimi siendi."

Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na kwa kuwa mezani hapakuwa na kitunguu, wote wawili tulitazama matango.

"Wewe mtoto," akasema polepole. "Umezaliwa hapa hapa. Umesoma mpaka chuo. Unaandika 'asante kwa miaka hii yote', dunia nzima inasoma, halafu huendi popote?"

"Ndiyo."

"Una akili timamu?"

Nikamwambia sina hakika. Akauliza kuhusu Yelisei, nikamwambia huyo anaondoka kweli. Akataka kujua tangu lini mfalme yule amekuwa mpenzi wa pai zake. Nilipomweleza kwamba alininakili, Nonna alianza kucheka, akacheka hadi kikohozi cha sigara zake za miaka mingi kikamshika, nikampiga mgongoni kwa heshima.

Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena. Aliuliza kama Genrikh ameshanipigia, kama ana mvulana, na kama mvulana mwenyewe ana mabega. Kwa kila swali nilitikisa kichwa kukubali.

"Basi nenda, Tasya. Nakwambia kama mama, si kama kocha, maana kama kocha ningekufungia chooni. Mimi sina mtu wa kukupa. Ukibaki, Septemba utaketi kwenye viti vya watazamaji unatafuna mbegu za alizeti."

"Ameniuliza uzito kabla ya salamu," nikasema.

Nilitaka kusema mambo mengi zaidi ya hayo, na yaliyo mazuri zaidi. Hilo ndilo lililotoka.

Nonna alichukua kisu cha pai.

"Hata mimi alinichumbia hivyo hivyo," akasema.

Nikatoa simu nifute yale maandishi. Alininyang'anya, akayasoma tena, midomo ikichezacheza, akanirudishia. Aliniambia niyaache. Waliomshukuru maishani mwake wote walikuwa na tiketi mkononi. Anataka kuona sura za watu watakaongoja niondoke mpaka waote ndevu. Kisha akakata kipande cha pai kikubwa kuliko kiatu, akanisukumia bila kunitazama, akaniamuru nile nimalize.

Kumpigia Genrikh Palych na kumkataa kulinichukua mchana mzima na peremende zote za mama wa makoti. Alinitakia heri kwa ile sauti ya daktari wa meno. Mama alininunia, akawa anapeleka ujumbe kwangu kupitia paka.

Septemba tulitazama majaribio kwenye televisheni ya ofisini. Yelisei na Milana waliteleza vizuri. Ningependa kusema walianguka, lakini hawakuanguka, na mimi niliumia, nikatafuna mbegu nikitazama pembeni. Nonna alikuwa anairushia televisheni maganda kila Genrikh alipoonekana, na alipomaliza maganda akarusha kiatu cha ndani.

Kesho yake aliniletea Makar. Huyu ni mtelezaji wa peke yake wa hapa hapa uwanjani, ambaye alikuwa ameanguka kwenye kila mruko unaojulikana mpaka kocha wake akachoka kumwokota. Mrefu, anakula sana, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko kijiko. Alikuwa na haya kuliko mimi. Tulisalimiana tukitazama viatu.

Alinishika kiunoni kama mtu anayeshika sufuria ya moto, akanipandisha hadi usawa wa kifua, akaniomba radhi, akanishusha. Akajaribu tena. Kidole chake gumba kiliingia ubavuni, pale pale ambapo cha Yelisei kiliniachia alama kwa miaka yote ile bila mimi kusema neno.

"Mkono wako uko chini," nikamwambia.

"Samahani. Hapa?"

"Bado uko chini. Pandisha. Zaidi. Hapo, na usiniombe radhi, ninyanyue."

Nilisikia sauti yangu ikifika mpaka upande wa pili wa barafu. Makar akapandisha mkono, akavuta pumzi, nikaondoka chini nikayumba juu ya kichwa chake kama antena kwenye upepo. Kutoka ukutani Nonna Vikentyevna alitupigia kelele kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, nasi tukaanguka, tukainuka, tukaanza upya.