Bastola ya Sabuni

Danson alipotoa bastola mfukoni, mle chumbani kwa binamu yangu Celestine pale Kandara, Jeddah, nilipiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta.

"Ni sabuni, Mama Shirleen," akasema huku akininyooshea. "Sabuni tu. Shika uone."

Nikashika. Kweli, kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya buluu, amekichonga kwa kisu vizuri sana: mtutu mfupi, na kitako kidogo cha kutosha vidole viwili. Ndani alikuwa amepachika nati za chuma ili iwe na uzito wa ile ya kweli.

"Na umepanda nayo basi kutoka Riyadh?"

"Nani atamshika mtu kwa sababu ya sabuni?"

"Wewe mwanamume! Askari akikuona na umbo hilo atakuuliza kama unafulia? Ikama yako, hicho kibali cha kuishi huku, ingeisha papo hapo, halas, ungerudishwa kwetu Webuye bila hata sanduku!"

Akacheka. Danson akicheka hufumba jicho moja, na mimi hasira zote huniisha, aki, hata niwe nimezipanga wiki nzima. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka jana. Yeye ni mlinzi wa ghala huko Al-Shumaisi, Riyadh. Mimi nalea watoto wa madam hapa Jeddah. Celestine alituachia chumba Ijumaa nzima, akaenda zake kusalimia watu.

Mikataba yetu inaisha Desemba, turudi kufungua duka letu tena. Duka lenyewe tulilifunga kwa sababu majambazi waliingia jioni moja wakamlaza Danson kifudifudi kwenye saruji, mmoja akamkanyaga shingo. Tangu siku hiyo mlango ukigongwa anaruka. Ndipo akaamua kwamba tukifika nyumbani ataomba kibali, afuate sheria yote, anunue bastola ndogo ya kutembea nayo mfukoni bila mtu kujua. Waume wa wenzangu huwatumia wake zao picha za maua. Wangu ananitumia video za bastola. Kwanza alitaka rivolva fupi ya risasi tano, ati haikwami. Baadaye akagundua tumbo la rivolva, pale risasi zinapokaa, linavimba mfukoni, akahamia kwenye bastola hii bapa.

Mimi sikuitaka nyumbani kwangu. Tulishagombana kwa simu mpaka sauti ikanikauka. Shirleen wetu ana miaka saba, na mikono yake haitulii. Lakini pia nimelala kando ya mtu anayeruka usingizini, najua ilivyo. Danson aliniahidi kwamba nikikataa hatainunua, nami nikamwambia, njoo Jeddah niione ilivyo, ndipo nitakupa jibu.

"Sasa naivaa," akasema. "Niangalie kama inaonekana."

Akaitia mfuko wa kulia, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kifua mbele kama chifu.

"Inaonekana?"

"Haionekani. Ni mkono wako unaoionyesha. Unajipapasa kama mtu aliyeibiwa simu!"

Akaweka mikono nyuma, akarudia. Akakaa, akainama kufunga viatu, akainuka. Nikamkumbatia kutoka nyuma nikamwambia namkagua, lakini uongo, nilikuwa namkumbatia tu. Alinuka basi na kahawa, na nilikuwa nimemkosa sana. AC ya Celestine ilikuwa imekufa, jasho linatutiririka, mara nikaona doa la maji kwenye suruali yake, na pembeni povu linatoka.

"Baba Shirleen, bastola yako inatoa povu!"

Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye godoro. Kisha yeye akaufunika ule mfuko kwa mkono.

"Phena," akasema. Hilo jina ananiita tukiwa wawili tu. "Sitaki kulazwa chini tena. Sitaki wewe na mtoto mnione vile."

Moyo uliniuma. Nilitaka kumwambia anunue tu. Neno lilikuwa limefika mdomoni kabisa, ndipo simu ikalia. Alikuwa Shirleen, kwa video, kutoka kwa nyanya yake.

"Baba! Mikono juu!"

Huo ndio mchezo wao tangu akiwa mdogo. Danson akirudi kutoka dukani alisimama mlangoni na mikono juu, mtoto anampekua mifuko akitafuta peremende. Alikuwa haachii nguo ya baba yake mpaka azipate.

Danson akainua mikono, lile povu bado linateremka pajani.

"Ukikuja Desemba zitakuwa mfuko gani?" Shirleen akauliza, uso wote umejaa kwenye simu. "Niambie tu. Ama nianze na wa kulia?"

Danson alinitazama mimi. Mikono bado iko juu, na macho yamejaa machozi.

"Yote miwili, mama," akamjibu. "Pekua yote miwili."

Simu ikakatika. Alivua suruali, akaitia kwenye beseni, akachukua ile bastola akaanza kuifulia. Mimi nikachutama kando yake tukafua pamoja.

"Na majambazi?" nikamuuliza.

"Tutaweka grili ya chuma. Tutafunga kabla ya giza, hata wateja wakilia."

"Na ukiruka usiku?"

"Utanishika."

"Nitakushika, Danson. Kila usiku."

Mtutu ndio ulioisha kwanza, kisha kitako, zikabaki nati chini ya beseni. Alikuja Jeddah na suruali moja tu, kwa hiyo ilibidi afunge leso ya Celestine, ile yenye maua makubwa, akae karibu na dirisha akingoja ikauke, na kila mara ananiuliza peremende nzuri hapa mjini zinauzwa wapi.